Miguu Isiyotulia

Kandambili zilikuwa zikikwaruza sakafu gizani, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Alizisikiliza kitambo kabla ya kutambua kuwa zimo miguuni mwake mwenyewe.

Mwezi wa pili huu tangu atoke wodi ya wagonjwa wa akili, na miguu ilikuwa imemgomea. Akikaa, inatambaa kwa ndani kama imejaa siafu. Akilala, inamwamsha. Shingo nayo ilikuwa ikivutwa upande, kidogo kidogo, na ulimi umekuwa mzito kama kitambaa kilicholowa.

Alipapasa kwenda jikoni kunywa maji, akajikwaa kwenye kigoda kilichoachwa chini ya kabati. Juu ya kabati ndiko wifi yake alikoweka kopo la dawa. Wifi alikuwa mrefu, mtaani wakamwita Mlingoti. Cha juu ya kabati kwake kilikuwa kama cha mezani. Akapanda kigoda, akalishusha kopo, akatia kidole. Vidonge vizima. Kisha kimoja kilichokatwa nusu. Kisha nusu nyingine.

Karatasi ya daktari haikuwa na nusu yoyote. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi.

Hapo akaikumbuka siku ya kuruhusiwa. Muuguzi alisimama mlangoni akimwelekeza wifi, naye wifi amemshika mkono mtoto wa kaka yake. "Mkiona hatulii, anazungukazunguka, mwongezeeni nusu. Atapoa." Lakini daktari alikwisha kumwonya yeye mwenyewe kwamba dawa ile ikizidi, yenyewe huleta mahangaiko. Kadiri alivyotembea ndivyo alivyoongezewa, na kadiri alivyoongezewa ndivyo alivyotembea.

Na Jumapili ukoo wa mume ungekaa kuamua kama binti yake wa miaka sita akalelewe na shangazi yake, huyohuyo Mlingoti. Shangazi ambaye hakujaliwa mtoto. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Wifi, umelala kweli wewe?" Mlingoti alimuuliza asubuhi, akifunga chupa ya chai.

"Kama gogo."

"Gogo gani lina macho mekundu hivyo? Haya, mimi nakimbilia sokoni. Kunywa chai yako."

Mtoto akamletea kikombe kwa mikono miwili, akitembea polepole asimwage. Mama akampokea, akambusu utosini, kisha, kwa kuwa nusu zile zingeweza kumfikia kwa chai tu, akaenda kuimwaga yote sinkini.

Siku nne alimwaga. Vidonge vyake viwili alivimeza kama vilivyoandikwa. Chai ya nyumba ile hakuigusa. Siku ya tano miguu ikanyamaza. Aliketi saa nzima akishona vifungo vya shati la mumewe, na mume akamtazama kama anayemtazama msafiri aliyerudi.

Angeweza kumwambia. Angemwonyesha zile nusu. Lakini nani humsadiki mwenye kopo la dawa za akili? Tena maneno matupu yasingemuuma wifi. Alitaka shingo ile ndefu ivutwe. Alitaka miguu ile imkimbize na yeye, usiku kucha, bila pa kwenda.

Jumapili asubuhi aliwatilia watu chai mwenyewe. Kikombe cha wifi alikitia unga wa vidonge, akakoroga sana, akaongeza sukari.

"Leo chai tamu hii!" Mlingoti alicheka. "Unanihonga, wifi?"

"Kunywa, dada. Siku ndefu."

Kikao kilianza alasiri. Baba mkubwa wa mume alikohoa, akasema, "Haya, tuanze na mgonjwa wetu."

Hakumaliza. Shingo ya Mlingoti ilipinda kuelekea begani, macho yakapanda juu, ulimi ukachomoza. Akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Wewe, una nini?"

"Inanivuta! Jamani, inanivuta!"

Mama wa mtoto aliketi mikono mapajani, ametulia kama maji ya mtungini. "Mpelekeni hospitali," alisema kwa upole. "Hayo mimi nayajua."

"Loo! Kumbe ugonjwa wenyewe uko kwetu," baba mkubwa alinong'ona, "na sisi kutwa tunamnyooshea kidole mtoto wa watu."

Wakati wa kuingizwa garini, Mlingoti alimshika mkono. Mate yalikuwa yakimchuruzika kidevuni. "Wifi," alisema kwa shida, "ndivyo ulivyokuwa ukiumia hivi? Nisamehe. Nilikuwa sijui."

Mnafiki hadi dakika ya mwisho! Akauchomoa mkono wake, akaufuta kwenye kanga.

"Mtoto atabaki na mama yake," baba mkubwa akakata shauri. Hakuna aliyepinga.

Jioni mume akapiga simu kutoka hospitali. Sindano ilikuwa imeilegeza shingo, ila dada yake hataachiwa. Wamemlaza wamchunguze akili, wodi ileile.

Aliweka simu, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Sasa nyumba ilikuwa yake. Mtoto alikuwa wake. Furaha ikamkatalia kukaa: akaizunguka sebule akiimba, akipiga makofi, akienda huku na kurudi kule, akitafuta lipi la kufanya kwanza. Mlangoni pa jikoni binti yake alisimama akimtazama, kidole mdomoni, bila kucheka. Kisha akarudi ndani.

Baadaye kidogo alitoka na kikombe cha chai. Safari hii mama hakuwa na wa kumwogopa. Aliketi, akampakata binti yake, akanywa mafunda makubwa makubwa, kiu ya siku zote zile, mpaka karibu na chini.

Mtoto akachungulia ndani ya kikombe, akasema, "Malizia yote, mama, leo nimekuwekea nusu mbili."