Alama ya Kijani

Mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigongagonga gizani. Umeme ulikatika tangu alasiri, na Mwalimu Tunu alikaa kando ya jiko la mkaa, simu mkononi, akingoja darasa lake la simu la magharibi, saa ambayo wazazi hurudi kutoka kazini na simu zao.

Kwenye orodha, kila mwanafunzi anayeingia darasani huwashiwa alama ya kijani kando ya jina lake. Jina la Mwanaidi lilikuwa la kijivu. Walimzika Ijumaa.

"Mfute leo, bibie," mwalimu mkuu alikuwa amempigia mchana kumwambia. "Mfumo unamhesabu mtoro, darasa zima linaonekana bovu."

"Nitamfuta, Mwalimu."

Sasa alibonyeza jina, kisha neno la kufuta. Simu ikamwuliza kama ana hakika. Kidole kikabaki hewani, maana chini ya jina aliona masomo yote aliyofungua yule mtoto, na lile la mwisho, la kugawanya, alilolirudia mara sita akiwa mgonjwa kitandani. Tunu alilirekodi somo hilo mwanawe akilia mgongoni, akalituma kwa haya.

Ghafla alama ya Mwanaidi ikawaka kijani.

Tunu akaita kama anavyoita kila jioni: "Mwanaidi Shekue?"

Kisha sauti ya mwanamke kwa mbali: "Sema, mwanangu, mwalimu anakusikia."

Kikajibu kisauti chembamba cha mtoto:

"Dada hayupo, mwalimu, nimekuja mimi."