Ndama ya Kuaga

Hakorimana alikuwa amekwisha kuaga. Miaka sita alikamua ng'ombe za muzungu mumoja wa Masisi, na nyumba aliyopewa ilivuja kama kitunga. Shamba la jirani lilikuwa linawapa wakamuaji nyumba za mabati. Bibi yake wa ndoa alikuwa anamungoja njiani, mukeka kichwani.

"Ngoja kidogo," muzungu akasema. Akaingia zizini, akatoka na ndama jike, akamutia Hakorimana kamba mukononi. "Hii iko yako. Ulifanya kazi muzuri. Uende salama."

Hakorimana akaduwaa. Kwao, muntu akikupa ng'ombe humuachi tena, unakuwa wa kwake. Muzungu, maskini, alizani anamuaga.

Ndama ikamulamba kidole, pole pole, kwa ulimi wenye kukwaruza.

"Rudisha ile kamba, twende," bibi akasema.

"Ng'ombe inarudishwaka, Mama?" Hakorimana akamuuliza.

Bibi akaangalia ndama, kisha muzungu aliyekuwa angali anapunga mukono. Akatua mukeka.

"Basi, umuambie huyu baba yako mupya kwamba tunabaki," akasema. "Na mabati, atatoa yeye."