Kipande cha Runji

Oscar, kijana wa makumbusho, alikuwa anawasomea wageni majina ya watu waliofungiwa hapo enzi za Emergency, wakati wa vita vya Mau Mau. Alipofika kwa Runji wa Njagi, mzee Mbaka akaitika.

"Niko."

Oscar akacheka kidogo. "Mzee, hao ni wafu. Usiwaitikie."

Rwamba, binti ya mzee, hakucheka. Nywele zilimsimama. Nje, Meru mjini, jua lilikuwa linachoma, lakini hicho chumba cha mawe kilikuwa baridi vibaya, na baba yake alitetemeka kama mtu wa malaria, macho yameganda kwa dirisha la vyuma. Rwamba akamkaza mtoto mgongoni.

Walikuwa wametoka Kiambere sababu ya huyo mtoto. Wiki tatu na hana jina. Kijana wa kwanza wa Rwamba aliitwa upande wa bwanake, kwa hivyo huyu wa pili alikuwa achukue jina la baba yake Rwamba. Ndio desturi. Hata Rwamba mwenyewe alipewa jina la mama ya Mbaka. Lakini mzee alikataa katakata. Mtoto asiitwe Mbaka mpaka yeye afike kwanza hii nyumba ya makumbusho, iliyokuwa ofisi ya DC wa mkoloni. Na bwanake Rwamba alishasema amechoka kungoja. Ubatizo ni Jumapili, mzee apende asipende.

Hadithi ya Runji aliijua tangu utotoni. Marafiki wawili, wakashikwa pamoja, wakafungiwa chumba kimoja. Usiku wa tatu baba yake alilala na homa, hajijui. Alfajiri askari wakaleta vipande vyao, vile vitambulisho vya mkoloni, wakaita Runji. Mtu akasimama, akaenda, hakurudi. Baba yake alipoachiliwa hakurudi kwao tena. Alihamia Kiambere, kwa watu wasiomjua. Mpaka leo akinywa uji humwaga kidogo chini, ya rafiki yake. Akimwaga, jina hakuwahi kulitaja.

Sasa kipande chenyewe kilikuwa hapo mbele yao, ndani ya kioo. Picha ilishaliwa na mchwa. Alama ya kidole gumba ilibaki, nyeusi, safi, kama iliwekwa jana. Chini yake wameandika: Runji wa Njagi, alifia katika jengo hili.

Mzee akaweka kiganja juu ya kioo.

"Ananiangalia," akasema polepole.

"Nani, baba?"

"Yule hapo dirishani. Amengoja sana."

Rwamba akageuka. Dirisha lilikuwa tupu. Mtoto mgongoni akaanza kulia.

Oscar naye aliona afadhali wamalize. Akaleta kitabu cha wageni, na kwa vile mzee hajui kuandika, akafungua kidau cha wino. Mzee akabonyeza kidole gumba kwa karatasi.

Hicho kidole Rwamba alikichezea akiwa mdogo, akifuata na ukucha lile kovu refu linalokikata katikati. Panga lilimteleza baba yake akichunga mbuzi, bado kijana hajatahiriwa.

Akaangalia kitabu. Akaangalia kioo. Kovu lile lile, katikati ya alama zote mbili.

Akamgeukia mzee.

"Baba," akasema. "Mtoto nimwite nani?"

Mzee hakutoa macho dirishani.

"Runji, jina langu. Mbaka ndiye yule pale, aliyeitika nilipoitwa."