Fundi Nyamvula Hakuingia

Siku hizi mgeni haruhusiwi kuingia nyumbani kwa mtu isipokuwa kuna kifaa kilichoharibika. Ndiyo maana redio yangu ilipokufa Jumatatu, nilifurahi. Fundi Nyamvula alikuja, akanywa chai, akaniazima kitabu cha umeme, akaahidi kurudi na kipuri. Nilikisoma wiki nzima, nikaunguza vidole kwa kulehemu, nikitaka tu kumfurahisha.

Jumamosi alifika akakuta redio inaimba.

“Umeitengeneza mwenyewe, shangazi?” aliniuliza mlangoni.

“Mwenyewe.”

Tabasamu lake halikudumu. “Hongera. Basi siruhusiwi kuingia.”

Nilimsikiliza akishuka ngazi. Vikombe viwili vilikuwa mezani. Nilizima redio, nikaifungua, nikakata waya ambao hata fundi angehitaji siku nzima kuupata.