Malimbuko ya Mhanga

Mhanga alikuwa bingwa wa kuchimba, na Fisi alikuwa bingwa wa maneno. Siku moja Fisi akamwita pembeni.

"Ndugu yangu, uza kichuguu chako, ununue hisa katika kisima changu cha mafuta. Eti Kenge anakushauri uweke mali kwenye umeme wa jua? Mwache aote jua lake! Likizama utakula nini?"

Mhanga akauza kichuguu alichorithi kwa babu yake, kilichojaa mchwa wa kulisha wanawe. Akachimba kisima hicho mpaka kucha zikang'oka. Mafuta yalipofoka, alilia kwa furaha. Desturi ni kwamba malimbuko hupelekwa kwa mkubwa, kwa hiyo akajaza kibuyu, akakimbia kwenda kuijaza taa ya Fisi kwa mkono wake mwenyewe.

Alipofika uani, aliinua macho. Paa zima la Fisi lilimetameta kwa paneli za jua. Ndani feni ilizunguka, na friji ilinguruma kwa kushiba nyama.

"Shemeji," akamwuliza mke wa Fisi, "taa yenu ya mafuta iko wapi?"

"Taa ya mafuta?" mama huyo akashangaa. "Mume wangu aliitupa siku ile ile ulipomletea fedha za kichuguu. Si ndizo tulizonunulia paneli hizi?"

Kibuyu kikamponyoka Mhanga, mafuta yakatapakaa uani.

"Jamani, shemeji!" akamaka mke wa Fisi, akiziba pua. "Yazoe basi! Hapa kwetu hatutumii uchafu huo."