Kipande cha Mbarouk

Kila aliyekwenda kufanya kazi Mwezini aliacha nyumbani kipande cha tumbawe kilichooteshwa kwa damu yake, kikagandishwa kwa gundi kwenye jiwe ndani ya tangi la kioo. Mwenyewe akifa huko, kipande hugeuka cheupe siku hiyo hiyo.

Cha Mbarouk kilikuwa na mwaka wa nne sebuleni. Asubuhi moja mama yake, Bi Mize, akifuta kioo, aliona gundi mbichi shinani mwake. Gundi ya zamani tumbawe lilikwisha kuimeza katika miezi ya mwanzo.

“Raya, hiki nani kakigusa?”

“Kilibanduka, mama,” mkwewe alijibu bila kugeuka. “Nikakibandika tena jana.”

“Mbona kimekuwa kidogo?”

“Kilikatika ncha.”

Majibu yalikuwa mepesi mno, kama yaliyokwisha kuandaliwa. Bi Mize akabaki kumtazama.

Raya akachukua chakula cha tumbawe, akakinyunyiza majini. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukilisha kile kipande kabla ya kukisalimia: “Mbarouk, umeamkaje?”

Leo alikilisha kimya, akafunika tangi.