Maneno Elfu kwa Siku

Sheria ilikuwa moja: mwandishi wa riwaya hujitajia mwenyewe lengo la siku, na mlango wa chumba chake haufunguki mpaka litimie. Waandishi wenzake Tunu walitaja maneno mia mbili. Yeye, kwa kiburi chake, alitaja elfu moja, na lengo likishatajwa halipunguzwi hadi kitabu kiishe.

Leo alikuwa amebakiza maneno mia tatu wakati Badru, mumewe, alipougonga mlango.

“Mama Rukia, mtoto anachemka homa! Anakuita!”

Tunu alijaza ukurasa kwa upuuzi ili hesabu itimie, lakini mlango uliukataa, haukufunguka. Basi akaiandika homa ya mwanawe, midomo iliyokauka, sauti ile inayomwita. Maneno yakamiminika.

Kufuli likalia. Mlango ukawa wazi, Rukia akilia mikononi mwa babake.

“Ngojeni kidogo,” Tunu alisema bila kugeuka. “Hapa pamenoga.”